Pongezi kwa Wapokea Vikombe

Sijasikia mtoto akisema akikua atapokea mikojo ya watu ya kupimwa dawa za kulevya. Lakini nchini Marekani, ajira ya madereva wa malori, wakiwemo wengi waliotoka kwetu Afrika Mashariki, hupita mikononi mwa wapokeaji hawa, nao wanastahili pongezi.

Wizara ya Uchukuzi ya huko hairuhusu kazi hii kuokotezwa kwa kutazama wenzako. Baada ya masomo, mwanafunzi hufanya majaribio 5 mfululizo bila kosa hata moja, huku mjuzi akimsimamia. Mawili ni ya kawaida. Kisha mkojo hautoshi. Kisha joto lake lina walakini. Kisha mpimwaji anagoma kutia saini. Hilo la mwisho nalipenda zaidi, maana ustahamilivu nao unatahiniwa.

Mtazame kazini. Maji ya choo ameyatia rangi ya buluu, mifuko ya mpimwaji imekaguliwa. Akikabidhiwa kikombe, husoma joto ndani ya dakika 4: kati ya nyuzi 32 na 38 za Selsiasi. Humimina mililita 30 chupa ya kwanza, 15 ya pili, akabandika lakiri mpimwaji akishuhudia. Aliyebanwa na haya hupewa maji ya kunywa na muda wa hadi saa 3.

Mafunzo hurudiwa kila miaka 5. Kosa la mpokeaji likibatilisha kipimo, hufundishwa upya ndani ya siku 30.

Ile chupa ya pili si pambo. Dereva asiyeridhika na majibu ana saa 72 za kudai ipimwe katika maabara nyingine.