Majina ya Mahali na Makaburi ya Sanga

Huko Sanga, kando ya ziwa Kisale katika Katanga, Bwana Jacques Nenquin alifukua makaburi ya kale mwaka 1957. Mwaka 1958 Bwana Jean Hiernaux aliendelea na kazi ile. Halafu Bwana Pierre de Maret alichimba tena mwaka 1974, na kitabu chake juu ya Sanga na Katongo kilichapishwa Tervuren, Ubelgiji, mwaka 1985. Tumekisoma kwa faida.

Uzuri wake ni utaratibu. Zamani za Nenquin namna za vyungu zilijulikana, lakini mfuatano wake haukuwa wazi. De Maret alionyesha zipi ni za mbele, zipi ni za nyuma: kwanza Kisale, karne ya 8 hivi mpaka ya 13, kisha Kabamba. Hata misalaba ya shaba inasema: ile ya mbele ni mikubwa na michache, ya nyuma ni midogo na mingi, kwa sababu ilikuwa imekwisha kuwa feza.

Lakini msomaji ajihadhari na majina. Kisale na Kabamba ni maziwa. Wataalamu waliyaazima majina yake ili kupanga nyakati. Wale waliozikwa walijiitaje? Udongo hausemi. Tena Sanga hii iko kwa Baluba. Tusiichanganye na inchi ya Basanga, walio kusini. Majina kufanana si ushuhuda.

Kumbe, majina yote hayana tabia moja. Jina la mto, kama Lualaba au Lufira, linakaa. Jina la kijiji mara nyingi ni jina la shefu, nalo linahama pamoja naye. Tena wakati wa Wabelgiji vijiji vingi vilihamishwa kandokando ya barabara. Kwa hiyo ramani mbili za miaka mbalimbali zaweza kuonyesha jina moja mahali pawili, na mahame yenyewe yamebaki porini, yakijulikana na wazee tu. Wazee wakifa, mchimbaji wa kesho ataona vyungu, asijue mahali panaitwaje.

Kazi hiyo haimngojei mtaalamu wa Ulaya. Ni ya katekista anayepita vijijini, na ya mseminari aliye likizoni kwao. Aandike jina kama wenyeji wanavyolitamka, pasipo kulitengeneza. Aandike ni la kilima, la mto au la mahame. Nani amelisema, na mwaka gani. Maana ya jina aiandike mbali, maana mara nyingi hadithi inatungwa nyuma ya jina.

Na sisi mapadri tuungame kosa letu. Tumeona chungu cha kale kimepandwa maua mbele ya nyumba ya misioni, wala hakuna aliyejua kilitoka wapi. Chungu kizima kisicho na mahali ni bubu. Kigae kilichoachwa pale pale, na jina la pale likiandikwa, kingali kinasema.