Kina cha Sindano

Kiswahili kina kitenzi kimoja kilichobeba mengi kuhusu ngozi ya binadamu: kuchanja. Mama anayepeleka mtoto zahanati anampeleka akachanjwe. Mganga anayesugua dawa kwenye vijeraha vya wembe kifuani mwa mteja wake amemchanja chale. Hata anayepasua kuni kwa shoka anachanja. Kote humo kuna kitu kikali kinachoingia, na kuna mkono unaoamua kiingie kiasi gani. Tatuu, ambayo vijana wa Kahama, Katoro na Geita mjini huizungumzia kana kwamba ililetwa juzi na simu za kisasa, ni ndugu wa kitenzi hicho. Ninachotaka kukitetea hapa ni hiki: anayetaka kuchorwa na atafute mtu kwanza, picha baadaye. Uzuri wa tatuu hutoka mkononi mwa fundi, na fundi hutambulika kwa mambo mawili, kujua kina cha ngozi na kuthubutu kuikataa kazi inayolipa.

Nianze na kina, maana hapo ndipo ufundi wote ulipo. Tabaka la juu la ngozi hufa na kubanduka siku zote. Wino ukiishia hapo utaondoka nalo baada ya wiki chache. Chini yake kuna ngozi ya ndani, yenye mishipa midogo ya damu, neva na nyuzi zinazoipa ngozi uimara wake. Wino unatakiwa utue humo, milimita moja hadi mbili hivi kutoka juu, kutegemea sehemu ya mwili. Sindano ikizidi, wino unamwagikia kwenye mafuta yaliyo chini ya ngozi, mstari unapata ukungu wa bluu pembeni, na kovu linaweza kuinuka. Nafasi yote ya kufanya kazi haizidi sana unene wa sarafu, na sindano inapita humo maelfu ya mara kwa dakika. Mashine ya umeme ya kuchorea, ambayo Samuel O'Reilly wa New York aliipatia hataza mwaka 1891 akifuata kalamu ya umeme ya Thomas Edison, inaongeza kasi tu. Haijui kwamba ngozi ya mbavuni ni nyembamba na imelala juu ya mfupa, wala kwamba ya mgongoni ni nene. Anayejua ni fundi, tena kwa mkono wake wa pili, ule usioshika mashine, unaoivuta ngozi hadi ikaze kama ya ngoma ili mstari usiyumbe. Wachimbaji wa dhahabu wa Nyarugusu na Rwamgasa hawahitaji kuelezwa sana jambo hili. Nyundo na tindo anaweza kuwa nazo yeyote; anayeheshimiwa ni yule anayeusoma mwamba unakoelekea, na anayefunga matimba kabla ukuta wa duara, yaani shimo la kuchimbia, haujaanza kudondosha vumbi.

Tena kazi hiyo hufanywa juu ya kitu kilicho hai. Wino haukai mwilini kama rangi inavyokaa ukutani. Mwili huuona kuwa mgeni, na seli za kinga huja kuumeza. Lakini chembe zake ni kubwa mno kuyeyushwa, kwa hiyo seli hubaki nazo tumboni, palepale. Mwaka 2018 watafiti wa Marseille, Ufaransa, walionyesha kwa panya kwamba seli hizo zinapokufa hutema rangi yao, na seli changa zinazoshika nafasi zao huimeza upya. Picha inayoonekana kutulia begani kwa miaka thelathini ni mzigo unaopokezanwa kimyakimya bila kuangushwa. Mimi naliona hili kuwa jambo la ajabu na la heshima kubwa. Fundi anachora nusu ya kazi, mwili wa mteja unaimalizia na kuilinda, na kwa sababu hiyo mchoraji mwenye akili humtazama mwenye ngozi kwa muda mrefu kabla ya kutazama karatasi.

Na ngozi za watu wetu zina masharti yake. Kwa kuwa wino umelala chini ya tabaka lenye rangi ya ngozi, macho huuona kupitia rangi hiyo, kama unavyoona kokoto chini ya maji ya ziwa. Njano hafifu na waridi, zinazong'aa kwenye ngozi nyeupe, hufifia au kupotea kabisa kwenye ngozi nyeusi. Vijistari vyembamba vilivyobanana huungana kadiri miaka inavyopita na kuwa doa. Halafu kuna suala la makovu: watu wenye asili ya Afrika hupata zaidi makovu manene yanayoota kupita mpaka wa jeraha kuliko watu wengine, hasa kifuani, mabegani na kwenye masikio, na ngozi iliyopitiwa na sindano mara nyingi mno hulipiza. Picha ambazo vijana huzikuta kwenye simu na kuzibeba hadi kibandani kwa mchoraji, nyingi zilibuniwa kwa ngozi nyingine. Fundi wa kweli haziigi. Atazichora upya, atanenepesha mistari, atatanua nafasi kati yake, atauacha weusi wa ngozi yenyewe uwe sehemu ya mchoro. Kwa hiyo mtu akitaka kumpima, asiridhike na picha za kazi zilizopigwa dakika ile ile sindano ilipowekwa chini, wakati kila mstari umevimba na kung'aa. Aombe kuona kazi iliyopona, ya mwaka mmoja au miwili, kwenye ngozi inayofanana na yake. Hilo tu linatosha kuwachuja wengi.

Elimu hii si ngeni katika nchi hii. Kusini, Wamakonde walichora nembo nyusoni na miilini kwa kuchanja na kusugua unga mweusi wa mkaa, na kazi hiyo ilikuwa ya mtu aliyetambulika kuwa fundi wake. Huku Usukumani, chama cha Bayeye, wacheza nyoka, huwachanja wanafunzi wake na kusugua dawa ndani ya chale kama kinga dhidi ya sumu. Hans Cory, aliyekuwa mtaalamu wa mila wa serikali ya kikoloni, aliandika juu ya chama hicho mwaka 1946. Sizungumzii hapa nguvu ya dawa hizo. Ninachokiona cha thamani ni uhusiano: anayechanja anajulikana jina, kijiji na mwalimu wake, na anayechanjwa anaendelea kuishi karibu naye. Kazi ikiharibika, mlango wa kugonga unajulikana. Katika miji ya dhahabu, ambako watu wanafuata mlipuko wa mgodi mpya na kuhama baada ya miezi michache, uhusiano huo ndio uliokatika, na ndio anayechorwa anaopaswa kuudai upya. Mchoraji asiyeweza kusema alijifunza kwa nani, wala atakuwa wapi mwezi ujao, hajatosha.

Kuna watakaosema kwamba nikitaja chale katika ukanda huu, natetea wale wanaouza utajiri kwa wembe. Pingamizi hilo ni zito, na Kanda ya Ziwa ina sababu ya kulitoa. Wenzetu wenye ualbino wameuawa na kukatwa viungo kwa sababu ya ahadi za namna hiyo, na mwaka 2015 serikali ilipiga marufuku waganga wapiga ramli. Lakini tazama tofauti. Anayeuza bahati ya dhahabu anaahidi kisichoonekana, na duara likitoka tupu atasema masharti yalivunjwa. Mchoraji wa tatuu ameahidi mstari. Mstari uko pale mkononi, umenyooka au umepinda, na mtoto wa darasa la pili anaweza kuuhukumu. Sijui kazi nyingi zinazomweka fundi wazi kiasi hicho.

Sasa nije kwenye jeraha, kwa sababu ukanda wa dhahabu unalifanya kuwa suala kubwa kuliko pengine. Tatuu mpya ni kidonda kipana kilicho wazi. Inahitaji wiki mbili hadi nne kufunga vizuri, bila jua kali, bila kulowekwa, bila kukunwa. Linganisha na maisha ya anayeshuka duarani: jasho, vumbi la mwamba linalotoka kwenye karasha la kusagia mawe, kamba na viroba vinavyosugua mabega, kisha maji ya mwaloni, panapooshewa dhahabu, yenye tope na zebaki, ambamo watu wengi wameshatumbukiza mikono. Sasa fikiria siku ya mgao, fedha iko mfukoni, marafiki wako karibu, bia imeshafunguliwa, na kesho alfajiri ni zamu. Ndiyo siku ambayo kijana yuko tayari zaidi kuchorwa na ndiyo siku mbaya kuliko zote. Aliyelewa hutoka damu kwa urahisi zaidi, huhema na kujitikisa, na ridhaa yake si ridhaa. Fundi anayestahili jina hilo humuuliza: unafanya kazi gani, unarudi lini? Akijibiwa kesho, huifunga mashine. Amepoteza fedha ya siku nzima, na pengine mteja ataenda kwa jirani asiyeuliza maswali. Mimi natoa sifa nyingi zaidi kwa kukataa huko kuliko kwa mchoro wowote mzuri.

Usafi ni sehemu ya ufundi huohuo. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kuishi nje ya mwili siku saba na bado vikaambukiza, hata kama damu imekauka na haionekani. Virusi vya UKIMWI ni dhaifu zaidi vikiwa nje, lakini sindano yenye damu mbichi haisamehe. Nchini kwetu chanjo ya homa ya ini iliingizwa kwenye ratiba ya watoto wachanga mwaka 2002, kwa hiyo watu wazima wengi wanaoketi kwenye kiti cha mchoraji hawakuipata utotoni. Wengine watajibu kwamba Masumbwe si Dar es Salaam, na kibanda cha chumba kimoja hakiwezi kuwa na mitambo ya kutakasia vifaa kama ya hospitali. Ni kweli, na ndiyo maana kinachohitajika ni cha bei ndogo kuliko mtambo. Sindano ya kutumia mara moja, ndani ya pakiti ambayo mteja anaiona ikifunguliwa. Wino unaomiminwa kwenye kikombe kidogo cha mtu mmoja, na unaobaki unamwagwa, haurudishwi chupani hata kama ni mwingi. Glavu mpya, na nyingine mpya baada ya kushika simu. Kupitisha sindano ya jana kwenye spiriti au moto wa kiberiti si kuitakasa. Mchoraji anayeona mambo haya ni usumbufu atakuwa ameona pia kwamba milimita moja ya ziada ni usumbufu.

Pingamizi la dini silipuuzi. Waislamu wengi wanajua kuwa kuchora mwili kwa kudumu kumekatazwa, na Wakristo wengi husoma Walawi 19:28 kwa maana hiyohiyo. Anayeamini hivyo asichorwe, na mchoraji mwema asimbembeleze. Hina ya harusi ipo, ingawa nayo ina hadhari yake, kwa kuwa piko nyeusi iliyotengenezwa kwa rangi ya nywele imeunguza ngozi za watu. Wanaosema tatuu ni uzungu mtupu, hao siwezi kuwakubalia. Miili iliyozikwa Gebelein, Misri, zaidi ya miaka 5000 iliyopita, ilikutwa na michoro mikononi na begani, mmoja wa mwanamume na mwingine wa mwanamke, kama ilivyotangazwa mwaka 2018. Afrika ilichora ngozi kabla ya karibu kila mtu tunayemjua.

Pingamizi la ajira, kwa kijana wa Shinyanga, lina uzito zaidi kuliko la uzungu. Matangazo ya kuajiri ya Jeshi la Polisi yamekuwa yakitaka mwombaji asiwe na michoro mwilini. Kijana aliyemaliza kidato cha sita, anayejishikiza mgodini huku akisubiri nafasi, anaweza kuifunga milango hiyo kwa mchana mmoja, na kuifuta tatuu kwa leza ni ghali, huchukua awamu nyingi, na kwenye ngozi nyeusi huweza kuacha baka jeupe. Unaweza kusema hayo ni ya mteja, si ya fundi. Sikubali. Anayeuza kitu kisichorudishwa ana wajibu wa kueleza ambao muuza shati hana. Mchoraji anayeuliza umri, anayeuliza ndoto za mtu, na anayemwambia nenda ukafikirie miezi sita, ameielewa bidhaa yake.

Ndiyo maana siwezi kuona bei kuwa kipimo cha kwanza. Saa tatu za kuinama, macho kwenye nukta moja, mkono mmoja ukivuta ngozi na mwingine ukihesabu kina bila rula, ni kazi ngumu ya mwili na akili, na anayeipunja bei hana sababu ya kushangaa uangalifu nao ukipunguzwa. Tena kazi hiyo haiishi mteja anapoinuka. Baada ya mwezi hivi, magamba yameisha na ngozi imetulia, fundi mwema humwita arudi. Humtoa nje ya kibanda, kwenye jua la saa nne, na kupitisha kidole juu ya mstari taratibu, akitafuta palipoinuka na palipokosa wino. Pakihitaji kurudiwa atarudia, bila malipo, siku ambayo zamu ya duarani iko mbali.