Majina ya Mirihi: mvuto wa mkusanyo wa Ray Bradbury

Mwaka 1950 mwandishi Mmarekani Ray Bradbury (1920-2012) alitoa kitabu kiitwacho The Martian Chronicles, mkusanyo wa hadithi fupi za kubuni zenye misingi ya kisayansi. Baadhi ya hadithi hizo zilikuwa zimekwisha kutokea katika majarida ya bei rahisi. Mwandishi alizikusanya, akaziunga kwa vipande vifupi, akazipanga kwa tarehe, tangu Januari 1999 hadi Oktoba 2026. Msomaji wa Kifaransa alikipata kitabu hicho mwaka 1954 kwa tafsiri ya Henri Robillot, Chroniques martiennes, nacho ndicho kilichofungua mfululizo maarufu wa Présence du futur. Swali tunalokusudia kulijibu katika makala hii ni jepesi kuliuliza: kitabu ambacho sayansi yake imebatilika, kinatuvutia kwa lipi?

Kwamba imebatilika, hapana ubishi. Mirihi ya Bradbury ina hewa ya kuvutwa, mifereji ya maji na miji ya kale. Mwezi wa Julai 1965 chombo Mariner 4 kilipiga picha za sayari hiyo kwa karibu, na zilizoonekana ni kreta na jangwa tupu. Hewa yake ikajulikana kuwa hafifu mno. Tena mwaka 1999 ulipita pasipo mtu kukanyaga huko. Katika toleo jipya la mwaka 1997 tarehe zote zilisogezwa mbele kwa miaka 31. Kwa maoni yetu, dawa hiyo haikuhitajika, maana mgonjwa hakuwa na maradhi hayo. Bradbury hakuwa akitabiri. Alichukua sayari ya mbali ili aseme habari ya nchi yake na ya watu waendao kukaa katika nchi ya wenzao.

Tuitazame kwanza hadithi ya safari ya tatu. Nahodha John Black na watu wake wanashuka Mirihi, wakakuta mji mdogo wa Marekani wa zamani, wenye nyumba walizolelewa na jamaa zao waliokwisha kufa. Kila mmoja anapokewa kwao, anakula, analala. Usiku nahodha anang'amua, akiwa kitandani karibu na nduguye, kwamba wenyeji wamezisoma kumbukumbu zao na kuwatega kwazo, lakini amechelewa. Hapa hapana silaha ya ajabu. Silaha ni upendo wa nyumbani. Hadithi hii inavutia kwa sababu mtego wake unamnasa msomaji pia: naye alikuwa ameanza kufurahi pamoja na wasafiri.

Mvuto wa pili unatokana na jinsi mwandishi anavyolishughulikia suala la wakati. Katika hadithi ya makutano ya usiku, Tomás Gomez, mtu wa dunia, anakutana barabarani na Muhe Ca, Mmirihi. Wakijaribu kupeana mikono, mikono inapitana kama moshi. Mmoja anauona mji kuwa magofu, mwingine anauona umewaka taa za sherehe anayoiendea. Kila mmoja anamwambia mwenzake kuwa ndiye mzuka, na hakuna awezaye kuthibitisha. Wanaagana kwa heshima. Ni kurasa chache, lakini ndipo mahali pa pekee kitabuni ambapo mgeni na mwenyeji wanazungumza wakiwa sawa.

Mwanaisimu atavutwa zaidi na kipande kihusucho kutaja majina. Walowezi wanafika, na mito, vilima na misitu inapewa majina ya wasafiri waliotangulia. Kisha linafuata kundi la majina ya viwanda, ya chuma na ya umeme. Majina ya kale, yaliyokuwa ya maji, hewa na vilima, yanafunikwa. Msomaji wa Kongo hahitaji ufafanuzi mrefu. Mpaka mwaka 1966 ramani yetu ilisomeka Léopoldville, Stanleyville, Élisabethville. Na jina Lubumbashi lililochukua mahali pa hilo la mwisho ni jina la mto. Bradbury alielewa kwamba kutwaa nchi hakukamiliki kwa bunduki peke yake, na kwamba jina jipya ni hati ya kumiliki isiyohitaji sahihi ya mwenyeji.

Nguvu hiyo ya neno yaonekana tena katika hadithi ya Juni 2003, ambamo Waamerika weusi wa mji mmoja wa kusini wanaondoka wote kwenda Mirihi. Samuel Teece, mwenye duka, anajaribu kumzuia mmoja kwa deni la dola 50, kisha mwingine kwa mkataba wa kazi. Anashindwa. Mwishowe anajifariji kwa jambo moja tu: mtumishi wake alimwita "Bwana" mpaka dakika ya mwisho. Bwana hana tena mtumwa, amebakiwa na neno. Hadithi hii ilikosea kama utabiri, maana ilidhani ubaguzi wa mwaka 1950 ungalidumu vile vile nusu karne. Kama ushahidi haikukosea. Hata hivyo iliondolewa katika toleo la 1997. Tunasikitika. Pengo hilo linamficha msomaji mpya moja ya sababu za watu kuihama dunia.

Ipo pia hadithi ya nyumba inayojiendesha yenyewe huko California, Agosti 2026. Inapika kifungua kinywa, inatangaza saa, inafagia, wenyewe hawapo. Ukutani uliounguzwa na mlipuko wa nyuklia vimebaki vivuli vya baba, mama na watoto wawili wakicheza mpira. Ni dhahiri kwamba Hiroshima iko nyuma ya ukuta huo. Nasi tunakumbuka kwamba sehemu kubwa ya urani iliyotumika kwa bomu la tarehe 6 Agosti 1945 ilichimbwa Shinkolobwe, katika Katanga. Kwa hiyo hadithi hii si ya wengine tu. Haitaji mgodi wowote, lakini msomaji wa hapa hawezi kutoutaja.

Pamoja na sifa hizo, hatuna budi kukiri kasoro moja nzito. Wamirihi karibu wote wanakufa kwa tetekuwanga iliyoletwa na wageni, na kifo hicho hakionyeshwi: daktari anakitolea taarifa kwa maneno machache. Baadaye mwandishi anawalilia kwa lugha nzuri sana. Spender, msafiri anayewatetea hata kuwaua wenzake, naye ni mgeni. Maombolezo yanafanywa na upande uliobaki hai, na uzuri wake waweza kumlewesha msomaji asahau kuuliza marehemu wangesema nini.

Jambo hilo linafikia kilele katika hadithi ya mwisho. Dunia imeteketea kwa vita. Baba mmoja amewaleta wanawe Mirihi, anachoma karatasi za ulimwengu wa zamani, na kwa kuwa aliwaahidi kuwaonyesha Wamirihi, anawapeleka ukingoni mwa mfereji na kuwaonyesha sura zao wenyewe majini. Wengi husoma hapo toba: mlowezi amekubali hatimaye kuwa mtu wa nchi aliyoikuta. Usomaji huo ni halali. Lakini tukikumbuka kipande cha majina, twaona na jambo jingine. Walowezi walikuwa wamekwisha kubadili majina ya mito na vilima. Lililobaki kwa wenyeji ni jina lao wenyewe, nalo sasa limechukuliwa.

Sisi hatuoni sababu ya kuchagua usomaji mmoja na kuutupa wa pili. Kitabu kinadumu kwa sababu taswira ile ya maji inazibeba zote mbili, na kila kizazi kitaulizwa upya kinasimama wapi ukingoni. Inafaa swali hilo lisomeshwe na kwa Kiswahili, lugha ambayo ina neno lake Mirihi, lililotoka kwa Waarabu.