Sarafu ya Fedha Mbele ya Mizani ya Dhahabu

Mizani ndogo za kielektroni, zipimazo hata sehemu ya mia ya gramu, si kitu adimu katika wilaya ya Fizi. Apitaye Misisi au sokoni Baraka huziona mbele ya wanunuzi wa dhahabu, ambao hata leo wako wahesabuo kwa tola, yaani gramu 11.66, kipimo ambacho si kingine ila uzito wa rupia ya fedha ya Bara Hindi, na wa rupia ya Kijerumani iliyoanza kufuliwa kwa Afrika ya Mashariki mwaka 1890. Kwa hiyo mkazi wa huku atakaye kununua sarafu kongwe ya fedha kwa njia ya intaneti hakosi ala ya kupambanua sahihi na batili. Akosacho, aghalabu, ni kuitumia ala hiyo mahali pake na kwa wakati wake.

Tuitazame faranga 5 ya Dola Huru ya Kongo, ambayo wakusanyaji huitafuta kwa hamu kubwa. Ilifuliwa kwa miaka minne tu, 1887, 1891, 1894 na 1896, ikiwa na kichwa cha mfalme Leopold wa Pili upande mmoja na nembo ya simba upande wa pili; uzito wake gramu 25, kipenyo chake milimita 37, na katika kila sehemu 1,000 za madini yake, 900 ni fedha safi. Itakayotajwa kwa mwaka mwingine na ikataliwe papo hapo.

Lakini mghushi hodari hakosei mwaka. Huchonga muhuri kwa kuiga sarafu ya kweli, akapiga chapa juu ya shaba, kisha akaipaka fedha nyembamba. Na kwa kuwa shaba ni nyepesi kuliko fedha, hulazimika kuchagua aibu moja kati ya mbili, ama sarafu pungufu kwa uzito, ama sarafu nene kupita kiasi. Achaguaye ya pili ndiye wa kuogopwa, kwani sarafu yake yaweza kuonyesha gramu 25 barabara, na picha, ambayo ndiyo hoja pekee ya wauzaji wengi, haionyeshi unene. Sumaku nayo hufichua chuma na madini machache ya jamii yake tu. Shaba huipita kimya.

Hapo maji ndiyo hakimu. Kikombe chepesi cha plastiki chenye maji huwekwa juu ya mizani (bilauri ya kioo huielemea mizani ya dhahabu), mizani ikarudishwa kwenye sifuri, kisha sarafu ikazamishwa ikining'inia kwa uzi bila kugusa chini wala kando. Tarakimu itakayotokea ni uzito wa maji yaliyopishwa na umbo la sarafu: kwa faranga 5 ya kweli ni gramu 2.4 hivi, kwa bandia ya shaba nyekundu yenye uzito uleule ni 2.8, na kwa ya shaba manjano hukaribia 3. Tofauti hiyo muuza samaki ataidharau; mnunuzi wa dhahabu hawezi.

Kipimo hiki, hata hivyo, chataka elimu ya kila sarafu. Faranga 50 ya Kongo ya Kibelgiji ya mwaka 1944, yenye picha ya tembo, ni nusu fedha tu, na asiyelijua hilo ataitupa iliyo halali. Riale ya Maria Theresa ina hila nyingine: yaandikwa 1780, mwaka aliofariki malkia huyo, lakini imeendelea kufuliwa kwa mwaka uleule hadi zama zetu. Mizani na maji vitashuhudia kwa haki kwamba ni fedha, gramu 28 na ushei. Muuzaji atakaye bei ya ukongwe kwa kipande kilichofuliwa Vienna juzi, hao mashahidi wawili hawana la kumjibu.

Yamebaki malipo, na hapa ndipo nionapo kosa kubwa. Pesa ya simu ikishamfikia mgeni asiyejulikana hairudi, kwa hiyo busara ni kununua katika soko lenye dhamana, kama eBay, ambako mnunuzi aliyeletewa kitu tofauti na maelezo ana siku 30 za kudai. Lakini dhamana hiyo huishia kwenye anwani ya kwanza. Kifurushi kilichopokelewa na ndugu aliyeko Brussels, kisha kikatiwa mkononi mwa msafiri hadi Bujumbura, Uvira na Baraka, kimekwisha kuvuka mpaka wa madai, na mizani ya sokoni itasema kweli isiyo na faida. Afadhali ndugu huyo anunue mizani ya sehemu ya mia ya gramu, kwa sababu ile ya jikoni ihesabuyo gramu nzima haitoshi, afungue kifurushi mbele ya kamera ya simu, aipime sarafu kavu na majini, na iwapo tarakimu zakataa, airudishe kwa muuzaji kabla msafiri hajaaga.