Mbogo Asiye na Shahidi

Simu ilizungushwa mezani kwenye nganda moja, yaani baa, ya Kikula, mjini Likasi, Katanga, na kila aliyeipokea aliguna kwa mshangao kabla ya kumpa jirani yake. Pichani mbogo dume amelala ubavu, ulimi nje, bunduki imelazwa juu ya pembe zake, na kijana mwenye simu amechuchumaa pembeni akicheka. Haikumalizika hata chupa moja, picha ikawa imekwisha kuchosha. Simu ikarudi kwa mwenyewe, mazungumzo yakarudi kwenye bei ya kobalti.

Mzee mmoja tu, aliyekaa mwisho wa meza, ndiye aliyeishika kwa muda. "Mwanangu, mlimkuta amelala au anakula?" Kijana hakujua. "Upepo ulikuwa unatoka wapi?" Kijana akacheka. "Nyayo zake mlianza kuziona wapi?" Hapo ikabainika kwamba kijana alifika kwa pikipiki, mbogo amekwisha kufa kwa risasi za watu wengine, akawanunulia bia ili wampige picha. Mzee hakumkaripia. Alimrudishia simu yake, akasema, "Basi huyu mbogo hana shahidi," akaomba ruhusa ya kwenda kulala.

Mzee huyo nimemjua tangu utoto. Alikuwa fundi wa mitambo Shituru, kwenye kile kiwanda cha shaba ambacho moshi wake ndio uliotufundisha sisi watoto wa Likasi kujua upepo unavuma kuelekea mtaa upi. Likizo zake hakuzilia mjini. Alipanda lori hadi uwanda wa Lufira, kwa wajomba zake Wasanga, akarudi amekonda, ndevu zimemjaa, mzigo wa nyama iliyokaushwa kwa moshi begani. Wenzake wa porini walikuwa haohao wa kiwandani: mwendesha winchi, karani wa stoo, na mchomeleaji mmoja mwenye kigugumizi ambaye kigugumizi chake, kwa namna nisiyoielewa hadi leo, kilitoweka akianza kusimulia windo. Pembe za mbogo zilikaa juu ya mlango wa mzee, zimejaa vumbi. Sijawahi kumsikia akitaja urefu wake.

Kuna watu ambao kwao urefu ndio kila kitu. Tangu 1892 kampuni ya Rowland Ward, iliyoanzia London, imekuwa ikichapa kitabu cha kumbukumbu za pembe, kila mnyama na inchi zake, na wapo matajiri wanaovuka bahari kuja Tanzania au Zambia ili jina lao liingie humo. Siwadharau, kipimo nacho ni njia ya kukumbuka. Ila inchi hazina ubishi. Ukishazitaja, msikilizaji hana la kufanya isipokuwa kukubali. Pembe za mzee zilifanya kazi nyingine, ileile iliyofanywa na zile picha za rangi walizotundika wafanyakazi wa Katanga sebuleni mwao miaka ya 1970 na kuziita ukumbusho: mgeni aingie, ainue macho, aulize. Akiuliza, kazi ya pembe imekwisha. Kazi ya mwenye nyumba ndiyo inaanza.

Kabla ya masimulizi, niseme habari za kifuko cha majivu, maana kwangu ufundi wote wa mbogo umo ndani yake. Mzee alikishona kwa mkono wa shati lililochakaa, akakijaza majivu aliyoyachekecha mara kadhaa kwa kitambaa hadi yakawa laini kuliko unga. Kilining'inia kifuani. Kila baada ya hatua kadhaa alikigonga kwa kidole kimoja, puu, majivu yakatoka, yakasimama hewani kidogo, kisha yakaamua yaende wapi. Yeye aliyafuata kwa macho mpaka yaishe. Macho ya mbogo unaweza kuyadanganya kwa kusimama bila kutikisika. Pua yake huidanganyi.

Na upepo wa Katanga ni mwongo. Alfajiri hewa ya baridi hushuka taratibu kutoka vilimani kwenda kwenye dembo, yale mabonde ya majani yenye unyevunyevu anakopenda mbogo kula usiku. Jua likipanda, bonde likipata joto, hewa inageuka na kupanda. Katikati ya nyakati hizo mbili kuna kipindi kifupi ambacho haina upande, inazunguka tu, na mwindaji asiyeijua saa hiyo amekwisha kushindwa kabla ya kuanza. Tena kuna vichuguu. Asiyefika kwetu hafahamu kwamba kichuguu cha Katanga chaweza kufika mita 8 kwenda juu, kina miti yake juu yake, na kwamba pori lote limejaa hivyo. Mwindaji hukipanda ili aone mbali. Lakini nyuma ya kichuguu upepo hukunja, ukarudi ulikotoka. Mzee aligonga kifuko chake chini ya kichuguu, akagonga tena juu, na majivu yakipingana alishuka, akaketi, akangoja. Aliniambia kwamba sehemu kubwa ya maisha yake ya uwindaji aliitumia ameketi.

Nyayo sizungumzii sana. Kila mtu aliyekulia karibu na pori anajua kutofautisha unyayo wenye umande ndani yake na ule ambao buibui amekwisha kutandaza nyuzi juu yake. Linalostahili kusemwa ni la madume wazee, wale waliojitenga na kundi, wanaotembea wawili watatu au peke yao, wamejaa matope. Hao ndio waliotafutwa, na hao ndio waliozika watu. Mbogo aliyejeruhiwa hakimbii moja kwa moja. Huzunguka, akarudi karibu na njia yake mwenyewe, akasimama kwenye kichaka, akamngoja anayemfuata. Kwa hiyo sheria ya kwanza baada ya kufyatua ilikuwa kukaa chini na kunyamaza. Sheria ya pili: aliyemjeruhi ndiye atakayetangulia kumfuata, hata kama ni mkwe wa chifu. Wajomba wa mzee waliwinda kwa gobori, la risasi moja, la kushindiliwa kwa mdomo, na gobori halikuruhusu mzaha. Ulisogea hadi usikie mbogo akitafuna. Bunduki za kijeshi zilizomwagika porini baadaye zimemwondolea mtu haja ya kusogea, na mtu asiyesogea hana la kusimulia.

Sasa masimulizi yenyewe. Nilikuwa mtoto wa kukaa mlangoni, nikijifanya nachambua maharage, na nilisikia mengi. Waliporudi hawakusimulia usiku huohuo. Usiku huo ni wa kuoga na kulala. Kesho yake jioni walikusanyika uani kwa mzee, wale waliokwenda pamoja na wale waliobaki kwa sababu ya zamu. Aliyeona nyayo za kwanza ndiye aliyefungua. Alisimulia hadi pale alipokabidhi, akasema "hapo mwenzangu alikuwa mbele," na mwenzake akapokea. Aliyepiga risasi alizungumza mwisho, na kwa maneno machache kuliko wote. Tena kila aliyekuwapo alikuwa na haki ya kukatiza. "Hapana, kaka, hapo tulikuwa hatujavuka mto." "Hapana, majivu yalikwenda kulia." Msimulizi hakukasirika. Alirudi nyuma, akapita tena palepale kwa usahihi, na wote wakaitikia.

Aliyechuna naye alikuwa na zamu yake, na hiyo ndiyo niliyoipenda kuliko zote. Yeye ndiye aliyeona risasi ilikoingia na ilikolala. Mpigaji akisema alilenga bega, mchunaji aliulizwa, akajibu taratibu huku anaonyesha kwenye mwili wake mwenyewe: iliingia hapa, ikapita hapa, ikasimama hapa. Kama ilikuwa tumboni, ilitajwa tumboni mbele ya watu, na mpigaji akainamisha kichwa. Ukaguzi mkali kama huo sikuuona kwingineko mjini, ofisi zikiwamo.

Kulikuwa na ubishi mmoja uliodumu miaka. Mbogo wa zile pembe za mlangoni, kabla ya kupigwa, aligeuza kichwa. Mzee alisema aligeukia kushoto kwa sababu ya ndege waliokuwa wakidonoa kupe mgongoni mwake, waliporuka ghafla. Mchomeleaji alisema hapana, aligeukia kulia, maana karani alikuwa amekanyaga kijiti. Karani alikataa habari ya kijiti hadi mwisho wa uhai wake. Kila sikukuu mbogo yule alifufuliwa, akageuza kichwa upya, na sisi watoto tuligawanyika kambi mbili. Leo naelewa kwamba hawakuwa wanatafuta mshindi. Wanne walisimama mahali pamoja na kila mmoja aliona kitu chake. Bila yule wa pembeni kukupinga, unabaki na ulichokiona wewe tu, na mtu mmoja porini haoni mengi.

Nchi hii imewahi kuwathamini wawindaji kupita vyeo vyao. Waluba wanasimulia kwamba Mbidi Kiluwe, mwindaji aliyetokea mashariki, alimkuta mfalme Nkongolo akila hadharani, naye akakataa kula mbele za watu. Heshima ya ufalme, kwa masimulizi yao, ililetwa na mgeni mwenye upinde, na mwanawe Kalala Ilunga ndiye aliyetawala baada ya Nkongolo. Walunda nao wana Chibinda Ilunga, mwindaji aliyemwoa Lueji. Hapo Bunkeya, kaskazini mwetu, Msiri na Bayeke wake walitoka Unyamwezi kufuata shaba na pembe za ndovu, wakajenga dola iliyodumu hadi Wazungu walipomwua Desemba 1891. Ninachojali katika habari zote hizo ni kwamba mwindaji anaingia kwa adabu kwanza, silaha baadaye. Siku hizi tumebakiza silaha.

Sisemi turudi kuua. Mbogo wa Katanga wamekuwa haba, na mzee mwenyewe ndiye wa kwanza kulisema hilo. Hifadhi ya Upemba ilitangazwa 1939, ya Kundelungu 1970, na sheria ya uwindaji ya 1982 iliweka vibali na misimu. Yeye alikuwa na karatasi zake zote, amezihifadhi kwenye bahasha pamoja na cheti cha ndoa. Kisha vikaja vita, na watu wenye bunduki za kijeshi wakaingia hifadhini kula. Mnamo 2003 na 2004 Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, ilipunguza wafanyakazi zaidi ya 10,000, na wengi waliobaki bila mshahara walishika sururu au shoka: huyu anachimba, yule anachoma makala, yaani mkaa. Pori la njiani kwenda Lufira, ambalo mzee alilipitia akigonga kifuko chake, pana mahali limebaki visiki na magunia yanayongoja lori. Siwalaumu wachoma makala; nami napikia makala hayohayo. Lakini nyama ya pori inapofika sokoni kwa kificho, imekatwakatwa hata huwezi kujua ni mnyama gani, hakuna anayeulizwa risasi ilikolala. Tumekubali kula bila kuuliza, na hilo halikuletwa na umaskini peke yake.

Karani ndiye aliyetangulia kufa, kisha mwendesha winchi. Kwenye kilio cha mchomeleaji, miaka michache iliyopita, vijana wa mtaa walimwomba mzee asimulie yule mbogo wa mlangoni. Alisimulia vizuri, sauti bado ipo. Alipofika kwenye kichwa kugeuka alisema kushoto, akanyamaza, na vijana wakadhani amesahau, wakaanza kumsaidia: "Endelea, baba, ni kushoto, tumekuamini." Alikasirika kweli. Aliwaambia kwamba kuaminiwa na mtu ambaye hakuwapo ni matusi, akaketi, na hakuna aliyethubutu kumwomba amalizie.

Wapo wanaosema ufundi haujafa, umehamia kwa walinzi wa hifadhi. Upande wa Upemba, walipo pundamilia wa mwisho wa Kongo, walinzi wanatembea siku nyingi porini kwa miguu wakisoma nyayo, ingawa sasa nyayo wanazozitafuta zaidi ni za viatu. Nawaheshimu sana, wengi wao wameuawa kazini. Niliwahi kumweleza mzee jinsi mlinzi wa siku hizi anavyobeba kifaa cha GPS, anavyobonyeza kila alipoona kinyesi au mtego, na jioni ramani inavyoonyesha mstari wote aliopita, bila mtu kufungua kinywa. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza kama kifaa hicho kinajua upepo ulikuwa unatoka wapi. Nikamwambia hakijui. "Basi," akasema, "wawape wapima viwanja."