Mtu na Watu katika Faharasa: Uhakiki wa Kizingiti cha Urefu wa Neno katika Hifadhidata za Matini za Kiswahili

Ikisiri

Makala hii inahakiki kizingiti cha urefu wa neno kinachotumika katika faharasa za utafutaji wa matini kamili, kwa kuchukua mfano wa mfumo wa hifadhidata wa MySQL. Hoja kuu ni kwamba namba hiyo, ambayo kwa kawaida huachwa mikononi mwa fundi wa seva, imebeba nadharia ya lugha: kwamba neno fupi halina uzito wa maana, na kwamba umbo la neno hubadilika mwishoni. Nadharia hiyo haiafikiani na Kiswahili. Makala inaonesha maneno yanayopotea, inapima tiba tatu, na inahitimisha kwamba uamuzi kuhusu kizingiti ni wa kisera na unapaswa kuandikwa katika masharti ya ununuzi wa mifumo.

Maneno muhimu: faharasa, hifadhidata, kizingiti cha urefu, maneno puuzwa, viambishi awali

1.0 Utangulizi

Katika kipindi kifupi Kiswahili kimepewa hadhi rasmi katika ngazi nyingi. Rwanda ilikifanya kuwa lugha rasmi mwaka 2017, Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika ikafuata mwaka 2019, Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2021, na Umoja wa Afrika ukakipitisha kuwa lugha ya kazi mwaka 2022. Maamuzi hayo yanazalisha nyaraka: miswada, hukumu, taarifa za kamati, kumbukumbu za mijadala. Nyaraka hizo huhifadhiwa katika hifadhidata, na msomaji huzifikia kwa kuandika neno katika kisanduku cha utafutaji.

Mijadala ya sera hujikita katika tafsiri, istilahi na ufundishaji. Hatua inayofuata baada ya waraka kuandikwa, yaani jinsi waraka huo utakavyopatikana, huhesabiwa kuwa kazi ya fundi. Hapo ndipo penye kasoro. Waraka ulioandikwa kwa Kiswahili sanifu lakini usiotafutika kwa Kiswahili ni sawa na waraka uliofungiwa kabatini na ufunguo wake ukapotea.

2.0 Namba na Nadharia Iliyomo

Utafutaji wa matini kamili hausomi nyaraka zote upya kila swali linapoulizwa. Mfumo huandaa mapema faharasa: orodha ya maneno na mahali kila neno linapopatikana. Ili faharasa isivimbe, maneno mafupi kuliko kizingiti fulani hayaingizwi kabisa. Katika MySQL, injini ya zamani ya MyISAM ina kizingiti chaguo-msingi cha herufi 4. Injini ya InnoDB, iliyopata uwezo huu katika toleo la 5.6 la mwaka 2013, ina kizingiti cha herufi 3. Kwa zote mbili, kikomo cha juu ni herufi 84. Kwa hiyo hifadhi ya MySQL iliyojengwa kabla ya mwaka 2013 na kutumia utafutaji huu ilijengwa juu ya MyISAM, na kama haijahamishwa wala kurekebishwa, bado inafuata kizingiti cha herufi 4.

Kikomo cha juu hakileti tatizo. Neno kama *waliposhirikishwa* lina herufi 17 tu, na ni vigumu kufikiria neno la Kiswahili litakalokaribia 84. Tatizo liko chini. Kizingiti cha chini kinachukulia kwamba maneno mafupi ni viunganishi na vihusishi visivyo na maana ya kutafutwa. Kwa Kiingereza dhana hiyo ina mashiko kiasi. Kwa Kiswahili inakwama, kwa sababu sehemu kubwa ya kazi ya kisarufi hufanywa na viambishi vilivyomo ndani ya maneno marefu, ilhali nomino nyingi za msingi ni fupi sana.

3.0 Kinachopotea

Kwa kizingiti cha herufi 4, maneno *mtu*, *mke*, *mji*, *mto*, *mti*, *ada*, *bei* na *dai* hayaingii katika faharasa. Ufupisho *VVU* nao huachwa, ingawa *UKIMWI* huingia. Wakati huohuo *katika*, *kwamba*, *lakini* na *isipokuwa* huhifadhiwa, kwa kuwa yana herufi za kutosha. Kichujio kilichokusudiwa kuondoa makapi kinatupa punje na kubakiza makapi.

Upotevu huo pia hauna uwiano. Kiambishi cha umoja cha ngeli ya kwanza na ya tatu mara nyingi ni konsonanti moja, ilhali kile cha wingi ni silabi nzima. Kwa hiyo *mtu* hupotea na *watu* hubaki. *Mji* hupotea na *miji* hubaki. *Mto* hupotea na *mito* hubaki. Vifungu vingi vya haki katika Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 huanza kwa maneno *kila mtu*. Katika faharasa ya aina hii, mwenye haki hiyo hana anwani; kinachotafutika ni *kila*, neno ambalo peke yake halimsaidii mtafutaji. Jozi ya *mke* na *wake* ina utata zaidi: umoja haupatikani, na wingi unapatikana ukiwa umechanganyika na kimilikishi *wake*, hivyo mtafiti wa sheria za ndoa huletewa takriban kila waraka uliopo.

Kizingiti cha herufi 3 kinaokoa maneno hayo, lakini kinaacha ya herufi mbili: *ua*, lenye maana ya sehemu ya mmea inayochanua, ya uzio na ya kutoa uhai; *TB*, ambao ni ufupisho wa kawaida katika taarifa za afya; na *si*, kikanushi. Chukua sentensi ya mfano: *Ardhi hii si mali ya mtu binafsi*. Neno linaloamua maana ya sentensi nzima halimo katika faharasa. Mtafutaji anayetaka kutenganisha nyaraka zinazothibitisha na zinazokanusha hawezi kufanya hivyo.

Ritifaa huzidisha tatizo. Baadhi ya vichanganuzi huichukua kuwa sehemu ya neno, vingine huichukua kuwa mpaka, na alama iliyopinda inayowekwa na programu za uandishi si sawa na ile iliyonyooka. Pale inapochukuliwa kuwa mpaka, *ng'ombe* huwa *ng* na *ombe*, na *ng'oa* huwa *ng* na *oa*, vipande viwili ambavyo vyote hushindwa kuvuka kizingiti cha herufi 3.

Madhara ya upotevu huu ni makubwa kwa sababu haupigi kelele. Mfumo hautangazi kosa, bali hujibu kwamba hakuna matokeo. Mshauri wa sera anayetafuta *ada* katika hifadhi ya kanuni za elimu na kupata orodha tupu ana kila sababu ya kuandika kwamba suala hilo halijawahi kushughulikiwa. Kimya cha faharasa huwa ushahidi katika taarifa yake.

4.0 Tiba Tatu na Mipaka Yake

4.1 Kushusha kizingiti

Tiba ya kwanza ni kushusha namba hadi 2 au 1. Inafaa, lakini ina masharti. Kwanza, kubadili namba hakutoshi: seva lazima iwashwe upya na faharasa ijengwe upya, la sivyo nyaraka za zamani hubaki kama zilivyokuwa. Pili, maneno *na*, *ya*, *wa*, *za* na *ni* yataingia kwa wingi na kuikuza faharasa. Hofu ya fundi kuhusu ukubwa na kasi ni ya haki, na haistahili kubezwa. Tatu, namba hiyo ni ya seva nzima. Taasisi ya kikanda inayohifadhi Kiingereza, Kifaransa na Kiswahili katika seva moja haiwezi kuipa kila lugha kizingiti chake.

4.2 Orodha ya maneno puuzwa

Tiba ya pili inajibu hofu hiyo: kizingiti kishushwe, na maneno yasiyotakiwa yatajwe kwa majina. Hili ni jambo la kiisimu kuliko la kiufundi, na linawezekana, kwa kuwa InnoDB huruhusu orodha tofauti kwa faharasa tofauti. Orodha chaguo-msingi ya InnoDB ina maingizo 36, mengi ya Kiingereza, na machache ya lugha nyingine za Ulaya kama *de*, *und* na *la*. Hili la mwisho ni kibainishi kwa Kifaransa; kwa Kiswahili ni kihusishi cha ngeli ya tano na pia jibu la kukataa.

Hata hivyo, orodha ya Kiswahili haiwezi kuandikwa kwa kuhesabu marudio pekee. Neno *si* hurudiwa sana, lakini kuliondoa ni kuondoa ukanushi. *Ila* ni kiunganishi, na katika tenzi ni kasoro. *Pia* ni kielezi, na pia ni mchezo wa watoto. Orodha ya hifadhi ya sheria haitafanana na ya hifadhi ya ushairi.

4.3 Vipande vya herufi

Tiba ya tatu ni kichanganuzi kinachokata maandishi katika vipande vya herufi mbilimbili. Kiliundwa kwa ajili ya Kichina, Kijapani na Kikorea. Mvuto wake kwa Kiswahili ni wa kweli. Alama ya kinyota katika utafutaji wa kawaida hukaa mwishoni mwa neno: *lipa\ italeta *lipana*, lakini si *analipa*, *walilipa* wala *wasiolipa*, kwa kuwa Kiswahili hunyambua mwishoni na pia huambisha mwanzoni. Vipande vya herufi vinaweza kuufikia mzizi popote ulipo.

Lakini kichanganuzi hicho hutupa kila kipande chenye neno puuzwa ndani yake, na orodha chaguo-msingi ina *a* na *i*. Neno *maji* hukatwa kuwa *ma*, *aj* na *ji*. Vyote vitatu hutupwa. *Haki* na *kazi* hupatwa na hayohayo. *Sheria* hubakiwa na *sh*, *he* na *er*. Taasisi itakayowasha kichanganuzi hiki bila kubadili orodha itakuwa imefuta sehemu kubwa ya msamiati wake. Orodha ikiondolewa, maneno hurudi, ila kwa gharama nyingine: anayetafuta *mtu* huletewa *mtumishi* na *mtungi*, na anayetafuta *mali* huletewa *malipo* na *maliza*.

5.0 Hitimisho na Mapendekezo

Hakuna tiba moja kati ya hizi inayotosha, kwa sababu kizingiti cha urefu kilikuwa mbadala wa maarifa ya lugha tangu mwanzo. Suluhisho la kudumu ni kuweka uchanganuzi wa mofolojia kabla ya faharasa, ili *wasiolipa* iorodheshwe pia chini ya *lipa*. Utafiti wa aina hiyo upo. Mfumo wa SALAMA wa Arvi Hurskainen katika Chuo Kikuu cha Helsinki ni mfano unaofahamika. Kinachokosekana ni daraja kati ya utafiti huo na seva za taasisi za umma.

Kwa sasa, mambo manne yanaweza kuwekwa katika masharti ya ununuzi. Kizingiti kisizidi herufi 2 kwa hifadhi yoyote yenye Kiswahili. Orodha ya maneno puuzwa iandaliwe na wanaisimu, na itolewe pamoja na mfumo. Ritifaa zisawazishwe kabla ya kuorodheshwa. Na kabla mfumo haujapokewa, utafutwe kwa maneno *mtu*, *mji*, *ada*, *VVU*, *ua*, *si* na *ng'oa* katika nyaraka ambazo maneno hayo yanajulikana kuwamo. Jaribio hilo linaweza kufanywa na karani yeyote kwa muda mfupi, na mfumo utakaoshindwa usilipiwe hadi urekebishwe.