Mvivu habadiliki kwa kuvaa joho

Juzi, ndani ya matatu kutoka Kangemi kuelekea katikati mwa jiji, mwanafunzi wangu alishikilia kuwa maskini wa ngano ya 'Sultani Darai', aliyoichapisha Edward Steere mwaka 1870, ni mhusika duara. "Si alitoka jaani akaoa binti wa sultani, Prof?"

Nakiri, nami niliwahi kufundisha hivyo. Lakini kilichobadilika ni hali, si hulka. Paa ndiye anayeposa, anayeua nyoka, anayetwaa jumba. Bwana amekaa tu. Paa anapougua, ndipo bwana anapotakiwa kutenda kwa mara ya kwanza. Anaagiza uji wa mtama, basi! Mwishowe yuko jaani tena, akichakura.

Walimu wenzangu, tusimtuze mvivu kwa jasho la paa.